Vidonge vya mafua "vya kawaida" vilimziba mzee wangu mkojo

Mhariri,

Gazeti lenu nasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya juzi ya mafua, ile ya kwamba wananchi wasihangaike maana vidonge vyake vinapatikana kila duka na "ni vya kawaida tu", imenishinda kunyamaza. Kawaida kwa nani?

Mzee wangu ana miaka 74, ana tezi dume lililovimba, tunakaa Ujiji. Mwezi uliopita mafua yakambana akamtuma mjukuu duka la dawa. Muuzaji hakuuliza dawa ni ya nani, ana umri gani, ana presha au hana, kauliza tu "yanachuruzika au yameziba?" akamimina vidonge kwenye kile kibahasha na kuandika 1x3, basi. Mzee kameza viwili jioni pua ikafunguka, akafurahi, kabla ya kulala kaongeza vingine. Saa kumi alfajiri namkuta chooni kasimama kashika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtiririka na ubaridi ule wa ziwani, ananiambia "mwanangu, haitoki". Kumgusa chini ya kitovu, pagumu kama papai bichi! Kupata bajaji saa ile ni mtihani mwingine, aliyekubali alitaka elfu ishirini. Hospitali wakamwekea mpira wa kutolea mkojo, mfuko ukapita lita moja pale pale, nesi akauliza swali moja tu: "Babu, umekunywa dawa gani ya mafua?" Yaani yeye anajua, muuzaji hajui, na nyie wa gazeti hamjui. Siku tano mzee wa watu anaenda msikitini kaficha mfuko wa mkojo ndani ya kanzu.

Na mimi nisijitoe, nimefundisha baiolojia miaka 27. Kila mwaka nawasimulia watoto habari za mwanasayansi Otto Loewi na mioyo yake miwili ya chura, mwaka 1921, alivyosisimua neva ya moyo mmoja ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyokuwa yanauzunguka akamwagia wa pili, nao ukapunguza. Maana yake neva zinazojiendesha zenyewe bila sisi kuziamuru zinaongea kwa kemikali, na kidonge kinaweza kuigiza ile kemikali au kuizuia. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko vina fenilefrini, hii inaigiza upande wa adrenalini, kazi yake ni kubana mishipa ya damu puani ili pua ifunguke. Sasa vipokezi hivyo hivyo, yaani sehemu zinazopokea ile kemikali, vipo kwenye shingo ya kibofu, navyo vinabana. Halafu mna klorofeniramini humo humo, ya kukausha makamasi, inazuia asetilikolini, na asetilikolini ndiyo inayokiambia kibofu kisukume. Kwa hiyo mlango umekazwa na msukumaji kafungwa mikono, na tezi lilishaziba nusu ya njia toka zamani. Mwenye presha naye asicheke, mishipa ikibanwa haibanwi ya puani peke yake.

Halafu hiki kibahasha! Boksi limebaki dukani, karatasi ya maelezo imebaki dukani, mgonjwa anapewa 1x3 kama hesabu ya darasa la pili. Na hata ukiiomba hiyo karatasi, niliyoonyeshwa mimi nilipoenda kulalamika ni ya Kifaransa, herufi kama mayai ya chawa. Muuzaji ananiambia "mwalimu si unajua lugha". Kha!

Ushauri wangu ni mdogo. Kila kibahasha cha dawa ya mafua kichorwe mzee kasimama chooni kashika ukuta, hata asiyejua kusoma ataelewa. Mchoraji akikosa mfano aje Ujiji, mzee amekubali kusimama ila anataka posho, na mpira hauvai tena.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma