Tuilinde Chunya kabla haijasagwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niuzungumzie mji ambao hautajwi kila sisi wakazi wa Dar es Salaam tunapohimizwa kutalii nchi yetu. Tunaambiwa Serengeti, Ngorongoro, Zanzibar, Mikumi. Chunya, mji wa dhahabu ulio kaskazini ya Mbeya, haumo. Wengi hapa mjini wakiisikia hufikiria tumbaku na wachimbaji wadogo, basi. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, na kwetu Lupa, yaani eneo la dhahabu la Chunya, ni jina zito: huko ndiko vijana wa kizazi cha babu zetu walikokwenda kutafuta fedha ya kodi na mahari.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, ikiwa kwenye mchanga wa mito na vijito. Kilichowavuta watu kwa wingi, hata hivyo, kilitoka mbali. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwenye dhahabu, bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda, na mwaka 1934 Marekani ikaipandisha bei hiyo kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia. Wakati huohuo mdororo wa uchumi ulikuwa umeangusha bei ya mazao, na walowezi waliofilisika mashambani wakakimbilia Lupa na makoleo yao. Kazi ngumu waliifanya Waafrika kwa maelfu. Chunya ni nchi kavu, vijito hukauka kiangazi, hivyo udongo mwingi haukuoshwa bali ulipepetwa kwa upepo kama mpunga, vumbi likiishia vifuani mwa waliopepeta. Kisha ukaja uchimbaji wa miamba. Mgodi mkubwa kuliko yote ya Lupa, New Saza, ulifunguliwa mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1956. Hata Mbeya, jiji tunalolijua leo, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu hiyo.

Ni kweli Lupa haikuwa ya kwanza. Wajerumani walikuwa wameshachimba Sekenke, Iramba, tangu mwaka 1909, na dhahabu ya huko ndiyo waliyofulia sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mjini Tabora mwaka 1916, katikati ya vita. Nayo ni hadithi nzuri. Lakini Sekenke ulikuwa mgodi, Lupa ilikuwa kimbilio la kila mwenye shida.

Safari yenyewe inafaa kabisa kwa mtu wa Dar. Ukishafika Mbeya, kwa basi, kwa treni ya TAZARA au kwa ndege ya kushukia uwanja wa Songwe, barabara ya Chunya ni ya lami. Inapanda milima ya Mbeya kwenye baridi na ukungu hadi mahali ambapo bonde la Usangu linafunguka chini yako lote, kisha inateremka kwenye misitu ya miombo, kwenye asali. Mji una majengo ya enzi za ukoloni, soko la madini lililoanza mwaka 2019, na ukiendelea mbele kuna Makongolosi, ambako dhahabu bado inachimbwa. Mgeni asitembee porini bila mwenyeji: maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, ya zamani yako wazi, na zebaki bado inatumika.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Bei ya dhahabu ikiwa juu, kila kilichoachwa na wa zamani kina thamani. Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, yanachenjuliwa upya kwa sianidi, mawe yanapelekwa kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Siwalaumu wachimbaji, wanatafuta riziki. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 tu. Kwa hiyo hakuna hata tofali moja la Lupa lililo salama, mpaka waziri alitangaze kuwa la kulindwa. Tena tangu Mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016, Saza iko mkoa mmoja na Chunya mkoa mwingine, na urithi wa wawili ni rahisi kukosa mwenyewe.

Afrika Kusini walifanya tofauti. Pilgrim's Rest, mji wa wachenjua dhahabu wa mwaka 1873, ulitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1986. Leo wageni hulipa ili waone nyumba za mabati na kujaribu wenyewe kuosha mchanga mtoni.

Naiomba wizara yenye dhamana ya mambo ya kale ikutane na halmashauri za Chunya na Songwe, ziorodheshe majengo, mitambo na makaburi yaliyobaki, na zirekodi wazee. Aliyefanya kazi Saza kabla haijafungwa sasa amevuka miaka 80, na hao hawatatusubiri. Orodha ikishafika mezani kwa waziri, tangazo lake halizidi ukurasa mmoja wa Gazeti la Serikali.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam