Jengo la wahitimu lisianze kabla ya fedha za paa

Mhariri,

Siku hizi jumuiya za wahitimu zikikutana, mazungumzo huishia kwenye jengo: ukumbi, kituo cha wanafunzi, au ofisi za jumuiya zenye kibao cha majina mlangoni. Kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo, tunawaomba wanakamati wapitie habari za Memorial Hall ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Tabu nyingi za jengo la michango zimekwisha kulipata jengo hilo.

Wazo lilianza mwaka 1865, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha. Wahitimu waliunda kamati ya watu 50, wakachangishana, kazi wakawapa wasanifu William Ware na Henry Van Brunt, nao pia wahitimu wa hapo hapo. Michango ilikuwa ya ukumbi wa kumbukumbu ya wana-Harvard waliofia vitani na ukumbi mkubwa wa chakula. Jumba la mikutano, Sanders Theatre, lilikuwa na fungu lake la fedha, wosia wa mhitimu wa mwaka 1802, Charles Sanders. Vyote viliunganishwa vikawa jengo moja, lakini kwa awamu: kumbi mbili zilianza kutumika 1874, jumba likafuata, mnara ukamalizika mwishoni. Kwetu harambee nyingi huenda kinyume. Msingi wa ghorofa nne unamwagwa kwa fedha za ghorofa moja, kisha nondo zinabaki zimechomoza juu, zinakula kutu mvua hadi mvua.

Suala la majina nalo lilihitaji uamuzi mapema. Katika ukumbi wa kumbukumbu kuna vibao 28 vya marumaru nyeupe vyenye majina 136, wote waliokufa upande wa Muungano, yaani wa Kaskazini. Wana-Harvard waliofia upande wa Kusini hawamo, na ubishi wa jambo hilo haujaisha. Basi kamati iandike nani anaingia ukutani na nani haingii kabla fundi wa kuchonga hajaitwa, kwa sababu marumaru haina kifutio.

Kikwazo kikubwa kilikuja kwenye matumizi. Ukumbi wa chakula ulifungwa miaka ya 1920, wanafunzi walipokuwa wamezoea kula kwingine. Kwa takriban miaka 70 ukawa wa mitihani, dansi na uandikishaji. Ulirudia kazi yake mwaka 1996, baada ya ukarabati wa fedha za wafadhili wapya, na sasa unaitwa Annenberg Hall. Wahitimu wa 1865 hawakuwepo kuulizwa. Kwa hiyo hati ya mchango iseme wazi: matumizi yakibadilika nani anaamua, na jina linakaa miaka mingapi.

Halafu moto. Septemba 1956, mnara ukiwa kwenye matengenezo, sehemu ya juu iliungua. Jengo likakaa bila kilele mpaka 1999, zaidi ya miaka 40, katika chuo ambacho hakijapata kuitwa maskini. Jengo kuwa mali ya chuo tajiri si sawa na jengo kuwa na fungu lake.

Hapo ndipo kwenye hesabu ambayo kamati zetu huiruka. Kwa matunzo, wasimamizi wa majengo hutenga kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya. Kwa jengo la shilingi bilioni 2, kiwango cha chini kabisa ni milioni 40 kwa mwaka. Ukitaka milioni 40 zitoke kwenye mfuko wa kudumu, ambao kila mwaka huchotwa asilimia 4 tu ya mtaji wake, unahitaji mtaji wa bilioni 1, yaani nusu ya gharama ya ujenzi, juu ya gharama yenyewe. Hati fungani za serikali huweza kulipa zaidi ya asilimia 4, lakini ziada ibaki mfukoni, la sivyo mfumuko wa bei utautafuna mtaji. Anayechangisha bilioni 2 kwa jengo la bilioni 2 amechangisha theluthi mbili ya anachohitaji.

Mkataba nao uangaliwe. Muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro usiwe miezi sita. Jengo likikabidhiwa Juni, miezi sita inaisha Desemba na masika hayajaligusa paa. Wekeni miezi 12, na sehemu ya malipo yake izuiliwe hadi mwisho wa muda huo. Mara nyingi paa huvuja kwenye gata: majani yanaziba mdomo wa bomba la kushushia maji, maji yanapanda, yanarudi chini ya bati na kuingia darini, halafu lawama anapewa aliyepaka rangi. Gata zisafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, na njia ya kupandia iwekwe tangu kwenye michoro. Siku ya makabidhiano msipokee funguo peke yake. Daini michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, hasa njia za umeme na maji, pamoja na vitabu vya pampu na lifti.

Na fundi yeyote anayepanda darini na mashine ya kuchomelea au mtungi wa gesi apewe kibali cha maandishi cha siku hiyo, kizimamoto kiwe pembeni yake, na mtu abaki juu akikagua kwa saa nzima baada ya kazi. Cheche huingia kwenye mbao na kufukuta kimya wakati mafundi wamekwisha kwenda kula.

Mnara wa Memorial Hall ulipojengwa upya ulirudishiwa sura yake ya awali. Saa yake ya nyuso nne, zawadi ya wahitimu wa mwaka 1872 iliyowekwa 1897, haikurudishwa.

Wenu,
Wakadiriaji majenzi na mafundi wa matunzo ya majengo,
Dar es Salaam