Swali lililokuwa na kidole

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme wenzangu, nikianza na mimi mwenyewe. Nilipotakiwa kufanya utafiti tendaji, yaani ule wa kujaribu badiliko katika kazi yako mwenyewe na kuchunguza matokeo yake, katika wodi ninayoisimamia, niliandika swali la kuanzia: “Kwa nini wauguzi wa usiku hawakabidhi zamu ipasavyo?” Nikajiona nimemaliza kazi! Mwezi mzima nikaambulia visingizio, na wa usiku wakaanza kunisalimia kwa shingo upande.

Swali lile lilishatoa hukumu, tena lilimgusa kila mtu isipokuwa mimi. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyeandika kuhusu utafiti wa aina hii mwaka 1946, alitaka mtu apange, atende, achunguze kilichotokea, kisha apange upya. Sasa “kwa nini hawa” ningeitendaje?

Nikalifuta. Nikaandika: “Nikikabidhi zamu kando ya kitanda badala ya mezani, ni taarifa zipi zitaacha kupotea?” Hapo nikawa na la kufanya asubuhi iliyofuata, na la kuhesabu: dozi zilizorukwa, dripu zilizobadilishwa bila kuandikwa. Wa kwanza kunaswa na hesabu hiyo, niseme tu, nilikuwa mimi.

Muuguzi msimamizi wa wodi