Skuli zifunguliwe kwa kipimo, si kwa tarehe

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuchangie suala la kufungua skuli wakati wa maradhi ya mripuko. Suala hili lilitugawa 2020 wakati wa korona, likarudi barazani 2023 na tena 2025 ziliposikika habari za maradhi ya virusi vya Marburg kutoka Kagera, na halitaacha kurudi. Kila likirudi, wako wanaotaka skuli zifunguliwe na wako wanaotaka zibaki zimefungwa, na wote wanabishania tarehe. Tarehe haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni hali ya skuli yake siku anayoingia darasani, na hali hiyo hupimwa skuli moja moja, haitangazwi kwa visiwa vyote vya Zanzibar siku moja.

La kwanza ni kujua maradhi yenyewe yanasafiri vipi. Kipindupindu hupita kwenye maji, chakula na choo. Korona na mafua makali hupita zaidi kwenye hewa tunayovuta ndani ya chumba. Mwaka 2020 tuliweka ndoo na sabuni kwenye kila lango, na vizuri tulifanya, kwani hata maradhi ya kuharisha hupungua mikono ikioshwa. Lakini darasa lenye watoto 80 na madirisha yaliyofungwa haliokolewi na ndoo ya getini. Tuliyashughulikia maradhi ya hewa kwa silaha za kipindupindu, na kosa hilo tusilirudie.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aanze na hewa. Kipimo rahisi kiko katika kila nyumba ya Zanzibar: udi. Awashe kijiti kimoja katikati ya darasa tupu, milango na madirisha yakiwa kama yanavyokuwa wakati wa somo. Moshi ukielea na kujikusanya chini ya paa, hewa imesimama. Ukivutwa upande mmoja na kutoka nje, hewa inapita. Kipimo kifanyike wakati wa kusi na kirudiwe wakati wa kaskazi, maana darasa linalopata upepo mzuri mwezi wa Julai linaweza kuwa tanuri mwezi wa Januari. Wilaya ikiweza kununua kifaa cha mkononi cha kupimia kaboni dayoksaidi, kimoja kinatosha kuzungushwa skuli zote. Nje kitasoma zaidi kidogo ya sehemu 400 kwa milioni, na darasani kikipita 1,000 watoto wakiwa wamekaa, ni dalili kwamba wanavuta pumzi walizokwisha kuzitoa wenzao.

Mara nyingi dawa yake ni ndogo. Matofali ya matundu yaliyozibwa na makabati au mabango yazibuliwe. Dirisha lililopigiliwa misumari kwa kuogopa wezi litiwe nondo, liachwe wazi. Darasa lenye madirisha upande mmoja tu litobolewe tundu juu ya ukuta wa pili, karibu na paa, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Feni ya dari peke yake haileti hewa mpya. Huikoroga ile ile iliyomo ndani.

Tatizo kubwa ni masika. Mvua ikipiga mabati, madirisha hufungwa ili madaftari yasirowe, mwalimu hupaza sauti ili asikike, na watoto huitikia kwa kelele zaidi. Hapo mambo matatu mabaya hukutana kwa wakati mmoja, maana mtu anayepiga kelele hutoa vijidudu vingi kuliko anayenyamaza. Mapaa yaongezwe upenu wa sentimita 60 hadi 90 ili dirisha libaki wazi hata mvua ikinyesha. Na mvua ikianza, mwalimu aache masomo ya kuitikia kwa pamoja, awape watoto kazi ya kuandika. Hilo halina gharama yoyote, na lingeweza kuanza kesho.

Baada ya hewa ni nafasi. Chukua darasa la mita 7 kwa 8. Ukitoa sehemu ya ubao na mwalimu, watoto wanaoweza kukaa kwa umbali wa mita moja hawazidi 40 hivi. Darasa la watoto 80 linakuwa makundi mawili. Lakini skuli zetu nyingi tayari zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, kwa hiyo chumba hicho kimoja sasa kinadaiwa makundi manne, na kutwa haina nafasi ya makundi manne. Wanaosema "gaweni mikondo" wanasahau kwamba tumeshagawa zamani.

Linalowezekana ni kugawa siku. Kundi la kwanza lije Jumatatu na Jumanne, la pili Jumatano na Alhamisi, kila moja likibaki na mkondo wake. Ijumaa, ambayo ni fupi kwa ajili ya sala, walimu wasahihishe kazi, waandae karatasi za nyumbani na kusimamia usafi. Mpango huu una faida nyingine isiyoonekana haraka: kundi la kwanza likiondoka Jumanne hukaa nyumbani siku 5 kabla ya kurudi. Wengi wa waliopata korona mwaka ule wa mwanzo walianza kuumwa kiasi cha siku 5 baada ya kuambukizwa. Maana yake mtoto aliyeambukizwa darasani Jumanne ana uwezekano mkubwa wa kuanza kuumwa akiwa kwao, si akiwa katikati ya wenzake 39.

Mpango wote huo huharibika alasiri watoto wakienda chuoni kusoma Kurani. Mtoto wa kundi la kwanza aliyetenganishwa na wa kundi la pili tangu asubuhi hukaa naye bega kwa bega juu ya mkeka mmoja saa tisa, wakisoma kwa sauti. Hili halikutazamwa ipasavyo hapo nyuma, na sisi tunaliona kuwa ndiyo nafasi kubwa zaidi iliyoachwa wazi. Kamati ya skuli isikae bila ya masheikh na walimu wa vyuo vya Kurani vya shehia hiyo. Orodha za makundi ya skuli wapewe wao, nao wagawe kwa siku zile zile. Darasa likae barazani au chini ya mwembe badala ya chumbani, na wanaosoma wasielekeane uso kwa uso. Walimu hao wakishirikishwa mwanzo, wazee watafuata bila ya kulazimishwa. Wakipelekewa amri tu, vyuo vitaendelea kama kawaida na makundi ya skuli hayatakuwa na faida.

Nani aanze? Mwaka 2020 wa kwanza kurudi, Juni 1, walikuwa wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo vikuu, na sababu ilikuwa mitihani. Tunaifahamu sababu hiyo, lakini haikutazama maradhi wala ujifunzaji. Kijana wa kidato cha sita anaweza kusoma peke yake. Mtoto wa darasa la pili ambaye herufi hazijamkaa akikosa miezi mitatu hurudi nyuma karibu mwanzo. Na kwa korona, watoto wadogo hawakuumia sana kama wakubwa. Hata hivyo tusilifanye hilo kuwa kanuni ya kila maradhi. Kwa mafua, watoto ndio wasambazaji wakubwa, na kwa hayo kuanza na wadogo kungekuwa hatari. Kwa hiyo, kabla ya kupanga madarasa, Wizara ya Afya iseme wanaougua ni wa umri gani, na Wizara ya Elimu ipange kwa jawabu hilo.

Maji tutayasema kwa hesabu, maana hapa watu hukadiria kwa macho. Skuli yenye watoto 600 kwa mkondo, kila mmoja akiosha mikono mara 3 kwa nusu lita, inahitaji lita 900. Tangi la lita 1,000 linatosha mkondo mmoja kwa siku, na tunashauri yawe mawili, kwa sababu umeme ukikatika pampu za visima husimama. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokosekana umeme kwa miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa. Sabuni ya unga gramu 30 katika chupa ya lita moja na nusu ya maji hutoa povu la kutosha. Kwa matumizi hayo mkondo huo hutumia kilo mbili na nusu hivi kwa mwezi. Kwa hiyo skuli isiyo na sabuni haikukosa fedha. Sabuni haikuandikwa kwenye bajeti yake.

Penye kukwama ni foleni. Mtoto mmoja akikaa mferejini (kwenye koki ya maji) sekunde 40, watoto 600 kwa mfereji mmoja watamaliza dakika 400. Ndiyo maana siku ya tatu watoto huanza kupita bila ya kuosha. Basi watiwe sabuni wakiwa bado kwenye foleni, wasugue kwa sekunde 20 huku wanasogea, na wafike mferejini kusuuza tu kwa sekunde 10. Kwa bomba moja refu lenye mifereji 10, wote wamemaliza kwa dakika 10. Maji yanayomwagika yaingie katika shimo lililojazwa mawe. Yakituama yatazalisha mbu, na kwenye ardhi ya mawe ya kusini Unguja, ambako kuchimba ni kazi, yaelekezwe kwenye migomba.

Kwa kufutia meza na vitasa, jiki (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu moja kwa sehemu 34 za maji. Kwa vyoo na matapishi, iwe sehemu moja kwa sita. Ichanganywe asubuhi katika chombo cha plastiki chenye mfuniko, na itakayobaki jioni imwagwe, kwani jua na joto huiua nguvu. Isichanganywe kamwe na dawa ya kuondolea kutu chooni, hutoa gesi inayoumiza mapafu. Na mtoto asipuliziwe dawa mwilini. Shirika la Afya Duniani lilikataza hilo Mei 2020, na huumiza macho na ngozi bila ya kuzuia lolote.

Barakoa za mpira wa masikioni haziwafai wasichana wetu, kwa kuwa kila kuvaa na kuvua lazima mtandio ufunguliwe. Mafundi washone za kamba za kufunga nyuma ya kichwa, juu ya mtandio. Kila mtoto awe na mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Iliyoroa mvua ivuliwe. Wa maandalizi (chekechea) waachwe bila.

Kipima joto cha getini tusikitegemee sana. Wengi wenye maambukizo hawana homa, na mtoto aliyetembea juani huonekana ana homa asiyokuwa nayo. Apumzike kivulini dakika 10 ndipo apimwe. Chombo bora zaidi ni daftari la mahudhurio. Tunapendekeza hivi: watoto watatu wa darasa moja wakiumwa ndani ya wiki moja kwa dalili zinazofanana, darasa hilo lifungwe, si skuli. Madarasa matatu yakifungwa, skuli ifungwe, si wilaya. Mwalimu mkuu apewe mamlaka ya kufunga darasa siku hiyo hiyo na kutoa taarifa baadaye. Akisubiri barua kutoka mjini, wiki imeshapita.

Tunasisitiza kufungua kwa kipimo kwa sababu kufunga nako kuna wagonjwa wake. Dawa za kichocho na minyoo hugaiwa skulini. Chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima 2018, huwafikia wengi kupitia skuli. Mtoto aliyeanza kupata fedha za mwani au za karafuu ni mgumu kumrudisha kwenye dawati, na binti aliyechumbiwa ndiyo basi tena. Redio husaidia, na Zanzibar ina uzoefu: mradi wa Tucheze Tujifunze, uliofundisha watoto wadogo kwa redio, ulianza 2006. Lakini katika vituo walivyokusanyika watoto kusikiliza palikuwa na mlezi aliyekaa na watoto kuongoza michezo na nyimbo. Redio iliyoachwa juu ya kabati mama akiwa shamba haifundishi mtu.

Wapo watakaohitaji utaratibu wao. Mwalimu mwenye kisukari, pumu au shinikizo la damu apewe vipindi vya redio na kazi ya kusahihisha, bila ya kukatwa stahiki zake. Katika visiwa kama Kojani na Tumbatu, ambako watoto wanaishi pale pale, skuli zinaweza kutangulia kufunguliwa iwapo walimu wanaovuka kwa boti watapatiwa makaazi ya kulala huko wiki nzima. Dakhalia (mabweni ya wanafunzi) ziwe za mwisho, maana hazina nyumbani pa kumrudisha mgonjwa jioni. Hazistahiki kufunguliwa mpaka vitanda vitenganishwe kwa mita moja na kuwe na chumba maalumu cha kuwaweka wanaoumwa.

Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ichapishe vipimo hivi, au vilivyo bora kuliko hivi, katika karatasi moja, sasa, kabla ya mripuko mwingine. Mwalimu mkuu aijaze mbele ya sheha na mwakilishi wa wazee, na ibandikwe mlangoni pa skuli ili mzazi asome mwenyewe idadi ya mifereji, madirisha na watoto kwa chumba kabla hajaamua kumpeleka mwanawe.

Walimu na wauguzi wa afya ya skuli,
Unguja na Pemba