Shoga, hiyo chupa ya mchele mwekundu

Shoga yangu, salamu nyingi, sisi huku wazima, za kwako nitauliza mwisho maana hili halingoji. Ile picha uliyonitumia jana usiku na maneno yako "nimeachana na vidonge vya hospitali vya kolesteroli, sasa hivi ni asili tu" imenikosesha usingizi, nimeikuza kwenye simu mpaka nikasoma yale maandishi ya nyuma ya chupa yaliyo kama miguu ya sisimizi. Mchele mwekundu uliochachushwa. Hee! Yaani katika vyote vilivyojaa duniani ukaenda kuangukia hicho.

Haya sikiliza. Huo mchele unachachushwa na ukungu, na ukungu ndo unatengeneza kitu kinaitwa monakolini K. Sasa monakolini K na lovastatini ni kitu kimoja, molekuli ileile, na lovastatini ndo statini, yaani jamii ya hivyo vidonge vya kushusha kolesteroli ulivyoviacha, ya kwanza kuruhusiwa Marekani, 1987 huko. Umeruka mkojo shoga, malizia mwenyewe. Tena cha hospitali angalau kimeandikwa miligramu ngapi na unazipata hizo, hicho chako kinaweza kuwa nazo nyingi, chache au patupu, chupa hii hivi na ijayo vingine. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 wakaamua monakolini isifike miligramu 3 kwa siku, hawakukurupuka. Na mchele wenyewe usipochachushwa vizuri unaweza kubeba sumu inaitwa sitrinini, inaumiza figo.

Najua utasema najifanya daktari. Wala, mimi naongea kama mtu aliyefanya ujinga. Mwaka juzi nilikuwa nakunywa vyote viwili, statini usiku, kapsuli za mchele asubuhi, nikijua najisaidia. Wiki kadhaa mapaja yanauma kama nimelima, ngazi napanda nimeshika ukuta, nikasingizia uzee. Daktari kaniuliza mara mbili kama kuna kitu kingine natumia nikamjibu hakuna, na sikuwa namdanganya, kichwani mwangu cha asili hakihesabiki! Mara ya tatu ndo nikatoa chupa kwenye mkoba. Akaigeuza, akasoma, akanyamaza, halafu akasema "mama, umekuwa unakunywa dozi mbili". Masikio yaliwaka kwa aibu. Kuna mengine alisema kuhusu figo, nitakusimulia tukionana, si ya kuandika.

Halafu usinambie habari za Baba Neema na manjano yake. Watafiti wa Cleveland Clinic, hospitali ya huko Marekani, walichapisha kitu 2022, watu kama 190, siku 28, kundi moja likapewa rosuvastatini miligramu 5 tu, wengine manjano, mdalasini, kitunguu saumu, steroli za mimea, mafuta ya samaki, huo mchele wako, na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Statini ikashusha kolesteroli mbaya karibu 38%, vile vingine vyote havikushusha kuzidi kidonge kitupu, na wa kitunguu saumu ikapanda kidogo, nilicheka peke yangu. Ila nisikufiche, hela ya utafiti ilitoka kwa kampuni iliyotengeneza hiyo rosuvastatini, na siku 28 ni chache. Umeona lakini, hata mchele haukufanya kitu. Mimi uliniumiza misuli, wao haukuwagusa. Ndo nasema hujui unameza nini.

Sio kwamba vya mimea vyote ni bure. Steroli za mimea, gramu 2 kwa siku pamoja na chakula, tafiti nyingine zinaonyesha zinashusha kolesteroli mbaya asilimia 8 mpaka 10 hivi, zinaizuia isifyonzwe tumboni. Na maganda ya mbegu za sailiamu, zile nyuzinyuzi zinazovimba kwenye maji, yananasa nyongo tumboni inatoka nayo, ini linalazimika kuvuta kolesteroli kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Mimi hayo natumia mpaka leo na daktari anajua. Siku ya kwanza nilikoroga nikaenda kupokea simu, narudi glasi imeganda kama gundi, kijiko kimesimama wima, nikajitia ushujaa nikameza, ikakwama kooni nikaona nyota. Maji mengi na unywe hapohapo! Na uyaachanishe na dawa zako kwa saa kadhaa. Lakini hivi ni vya kuongezea, havishiki nafasi ya vidonge ulivyoviacha, hasa wewe, baada ya yale ya mzee wako.

Najua hukuviacha kwa ubishi. Ulinambia unachoka kumeza kitu kila siku kama mgonjwa na hujioni mgonjwa, na mimi siku ile nilijibu ovyo, nilikuwa na haraka, nisamehe.

Sasa nambie, vidonge umeviacha lini hasa? Kuna kitu kilikuuma au ni maneno ya watu? Kama kilikuuma mbona hukumwambia daktari, si wanaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina? Kipimo cha mwisho kilisoma ngapi, na presha je? Bado unakunywa ile chai ya urukususu, ile mizizi mitamu? Maana hiyo nayo inapandisha presha, iache. Shemeji anajua au umemficha na yeye? Nijibu leo, hata kama umenuna nijibu hivyohivyo, na chupa usiitupe, nataka uende nayo kwa daktari.