Barua kwa Anko aliyeficha bahasha ya labu

Anko,

Habari ya Ahero. Naandika hapa wazi ju simu zangu hushiki, na ju najua si wewe pekee uko na bahasha ya majibu ya damu chini ya godoro. Ndio, Aunty ameniambia, na usimgombanishe. Naskia pia umekuwa ukiuliza watu wa stage ati CEA ni nini. Watu wa stage, Anko! Na mimi mtoto wa dada yako niko hapa Kisumu nashinda nikizungusha damu za watu kwa mashini toka asubuhi.

Sa skiza. CEA ni protini, Phil Gold na Samuel Freedman waliigundua 1965 huko Montreal wakichunguza saratani ya utumbo mpana. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama huwa nayo nyingi, akizaliwa inabaki kidogo tu, alafu uvimbe wa saratani kama ule wako wa utumbo ukiota unaanza kuitengeneza tena kana kwamba umesahau wewe ni mzee wa miaka 63. Kabla ya upasuaji ulikuwa 21, na kawaida huwa chini ya 5. Sitakudanganya, wanaoanza juu kwa jumla hawaendi vizuri kama wanaoanza chini. Lakini kuna wagonjwa uvimbe wao hautoi CEA hata kidogo, na kwa hao CEA mara nyingi haiwezi kutuonyesha kama ugonjwa umerudi. Wako ulikuwa unapiga kelele. Mwizi anayekohoa ni rahisi kumskia akirudi.

Sasa ile karatasi imekutoa usingizi, ya ile labu ya mtaani walikupea CEA ya 8 na H kubwa kando yake, yaani iko juu, bila kukueleza neno, ilikuwa siku ngapi baada ya kupasuliwa? Kumi! Anko, hiyo kitu haipotei siku moja, inapungua nusu kwa siku kadhaa, kisha nusu ya iliyobaki, hivo hivo, na daktari huipa wiki 4 hadi 6 ndio aangalie kama imefika kawaida. Kutoka 21 hadi 8 kwa siku kumi ni kuteremka. Hata sijui nani alikutuma upime mapema hivo. Na zile sigara unavuta nyuma ya choo ukidhani hakuna anayekuona, nazo hupandisha CEA kidogo, kwa hivyo unajitisha na moshi wako mwenyewe.

Unakumbuka siku ya nne wodini, ukiwa umekasirika na njaa, daktari akaangalia faili akasema uanze uji? Alikuwa anaangalia CRP. Hiyo ni protini ya damu, hutengenezwa na ini mwili ukiwa na moto, yaani ukipambana na jeraha au maambukizi, na kisu chenyewe ni moto, kwa hivyo lazima ipande, inafika kilele siku ya pili au ya tatu alafu inafaa ishuke. Ikibaki juu ya 150 siku ya tatu au ya nne, madaktari wanaanza kushuku pale utumbo ulipounganishwa panavuja, na hapo ndio watu hurudishwa tieta. Yako ilikuwa imeshuka hadi 70. Ule uji ulikuwa habari njema na wewe ukalalamika hauna sukari.

Albumini, protini ingine ya damu, ndio sikuipenda, 31, na inafaa ifike 35. Aunty anasema ni ju unakataa omena. Chakula kinachangia, lakini ugonjwa wenyewe pia huishusha, na ikiwa chini kidonda hupona polepole. Hesabu za seli nyeupe nimeziruka kwa makusudi, kwa sababu hata maambukizi ya kawaida tu yanazivuruga.

Lakini mbona haujawahi kuniuliza ile karatasi ingine, ya pathologia, ya ile nyama walikutoa? Kwangu mimi hiyo ndio nzito kuliko damu zote. Walichunguza matezi 15 ya karibu na utumbo, pale saratani huanza kusambaa, na huwa wanataka angalau 12, na hakuna hata moja lilikutwa na saratani. Hiyo ndio ungeenda nayo stage ukawaonyeshe.

Wiki hii ndio ya sita. Jumamosi nakuja na chupa yangu ya kifuniko chekundu, nakutoa damu hapo hapo kwa kiti chako na narudi nayo Kisumu siku hiyo hiyo, na kutoka sasa CEA yako itapimwa labu moja tu, ju mashini hazifanani, 4 ya huku inaweza kuwa 6 ya kule na wewe uanze kulia bure. Itakuwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya kwanza, alafu kila miezi 6 hadi ufikishe miaka mitano.

Napanda gari ya Awasi, saa nne nitakuwa nimeshuka. Toa hiyo bahasha chini ya godoro. Na mwambie Aunty nimesema ngege, si omena.