Kabla hujazifuta hizo demo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia kwamba bendi yenu imepata studio yenye mitambo ya maana. Kilichonigutua ni ile sentensi ya mwisho, uliyoipachika kama mtu anayeaga mlangoni: kwamba mkishamaliza kurekodi upya mtazifuta zile demo, rekodi zenu za majaribio za mwanzo, zisije zikawaaibisha. Ngoja kwanza. Kazi ni yenu na uamuzi ni wenu. Ila Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, umeipenda kwa kuambukizwa na mimi, na nina shaka kama umewahi kutulia ukavisikiliza vile vibao vitano walivyorekodi mwaka 1971, kabla kampuni yoyote haijawapa mkataba.

(Habari za mwimbaji wao Freddie Mercury kuzaliwa Unguja naziruka, tumezizungumza mpaka zimechuja. Leo nataka tuzungumze dramu.)

Mwaka huo John Deacon ndiyo kwanza alikuwa ameingia na gitaa lake la besi, wakatimia wanne. Fedha za kukodi studio hawakuwa nazo. Bahati yao, studio ya De Lane Lea ilikuwa inaanza kazi katika jengo jipya huko Wembley, London, na wenye studio walitaka kuhakikisha kama mitambo iko sawa na kama kuta zinaizuia sauti isivuje kutoka chumba hadi chumba. Kwa jaribio la namna hiyo anatafutwa mtu wa kupiga kelele. Queen wakazipiga, na ujira wao ukawa kurekodi bure. Ndiyo tukapata demo za Keep Yourself Alive, The Night Comes Down, Great King Rat, Jesus na Liar.

Anza na Keep Yourself Alive. Vaa spika za masikioni, zile nzuri, halafu usifanye kitu kingine. Inafunguliwa na gitaa la akustika la Brian May, jambo usilolisikia kwenye albamu yao ya kwanza. Kisha linaingia gitaa la umeme, lile alilolitengeneza na baba yake kwa mbao zilizotoka kwenye meko kuukuu. Lakini mimi huwa nawahi kwa Roger Taylor. Dramu zake humo zina hewa. Ukisikiliza vizuri unakisikia chumba chenyewe: fimbo inagusa ngozi, sauti inakwenda ukutani, inarudi. Freddie naye anaimba kama mtu ambaye bado hajaambiwa kwamba ana sauti ya ajabu, na mimi napenda hivyo.

Demo hizo wakazizungusha kwenye kampuni za muziki. Charisma walionyesha nia, vijana wakakataa. Mwaka 1972 wakawa chini ya kampuni ya Trident, waliokuwa na studio yao Soho, katikati ya London, mahali palipoheshimika sana wakati ule. Hapo ndipo mkasa wenyewe ulipo, kwa hiyo nisikilize. Queen walikuwa wanaingia studio saa ambazo wateja wa kulipa hawapo, mara nyingi usiku wa manane. Na Trident walikuwa na utaratibu wao wa kurekodi dramu: zinawekwa kwenye kijichumba kilichozibwa, sauti inatoka kavu, fupi, imekufa. Ndiyo iliyokuwa fasheni ya studio nyingi miaka hiyo. Roger na Brian hawakuipenda. Wao walitaka ngoma zilie kama zinavyolia mbele ya mtu aliyesimama chumbani. Lakini ukiwa mgeni, unarekodi kwa saa za kuokoteza, utabishana na nani?

Keep Yourself Alive wakairekodi upya, wakaichanganya, yaani kuzipanga sauti za vyombo vyote ziwe wimbo mmoja, wakaichanganya tena, kila safari inakosa kitu, mpaka fundi mitambo Mike Stone alipotoa mchanganyo walioukubali. Ikatoka kama singo Julai 1973, na kwenye chati za Uingereza haikuonekana kabisa. Brian May amesema mara nyingi tangu hapo kwamba roho ya wimbo ule ilibaki kwenye demo. Nami naungana naye, ingawa hajaniuliza.

The Night Comes Down ndiyo inayonifanya nikuandikie. Huo nao waliurudia Trident, na uliporudiwa hawakuridhika nao. Basi wakafanya nini? Wakaichukua demo ya Wembley wakaiweka kwenye albamu. Albamu ya kwanza ya Queen, iliyotoka 1973, ina ndani yake kibao kilichorekodiwa kwenye jaribio la kuta na mitambo. Fikiria kama wangekuwa wameshaitupa ile kanda kwa sababu sasa wako Soho na watu wakubwa.

Usinielewe vibaya, sisemi cha mwanzo ndicho bora siku zote. Liar ya demo inapita dakika saba, na kuna mahali naitazama saa. Jesus ilifupishwa kwenye albamu, na mimi ningeifupisha zaidi. Great King Rat sina uhakika nayo. Kuna siku naona magitaa ya albamu yamekaa vizuri zaidi, siku nyingine naona yamebanwa. Ndiyo raha ya kuwa na zote mbili, unaweza kubadili mawazo. Mkifuta, mnabaki na toleo moja, na hakuna wa kulibishia.

Halafu kuna suala la kile kinachobaki. Demo zile zilipotolewa rasmi mwaka 2011, zilitoka kwenye sahani ya asetati ambayo Brian May alikuwa nayo tangu enzi hizo. Asetati si santuri ya kawaida: ni bamba la alumini lililopakwa laka laini, linachongwa moja moja kwa ajili ya kusikiliza tu, na kila sindano inapopita inalila kidogo. Imesalia kwa sababu mtu mmoja aliitunza. Mwaka 2024 wakairudia albamu yote kwa mchanganyo mpya, dramu zikapewa ile hewa waliyonyimwa Trident, na demo zikawekwa katika seti hiyohiyo. Zaidi ya miaka hamsini, mwanangu, wazee wazima bado wanahangaika na sauti ya ngoma waliyoitaka wakiwa vijana.

Sasa ya kwenu. Sikuambii mziweke hadharani, ziwekeni tu. Msihifadhi ule mchanganyo wa mwisho peke yake. Hifadhini kila chombo na njia yake, dramu mbali, besi mbali, sauti mbali, ili baadaye mtu aweze kuzichanganya upya. Andikeni tarehe, nani alipiga nini, na maikrofoni zilikaa wapi, maana hayo ndiyo ya kwanza kusahaulika. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa mwenzako, na ya tatu nitumie mimi. Nitumie hasa ule wimbo wa pili, ambao mpiga dramu wenu anakimbia kwenye kiitikio. Najua ndio unaokukera kuliko yote. Umesema kwenye studio mpya mtampigisha kwa kufuata mdundo wa mashine. Sawa, mfanyeni hivyo, halafu nitumie na huo mpya, nitakuambia bila kukupendelea ni upi ninaourudia.

Wasalimie wenzako.

Mama